Kwa Nini Maji Hayarudi Saa Ileile

Riale kumi na mbili. Ndiyo bei aliyoitaja Bwana Msellem, na wala hakuitaja kwa haya. Aliitaja akiwa amekaa barazani kwake, mguu juu ya mguu, na mbele yake juani amesimama Mize binti Vuai, msukaji wa mikeka, mama yake mgongoni.

"Riale kumi na mbili kwa upepo?" Mize akauliza.

"Upepo ni wa Mungu, binti Vuai. Mimi siuzi upepo. Nauza mahali unapopita."

"Nafasi ya mkeka mmoja."

"Kwa mwezi," akasema Bwana Msellem. "Mwezi wa pili tutazungumza upya."

Watu walikwisha kusimama kusikiliza, maana ugomvi wa mtu mwingine ni tamasha la bure. Mize akamwambia kwamba hata akisuka mpaka vidole vitoke damu hatazipata riale hizo kabla mama yake hajazikwa. Akamwambia na maneno mengine, kuhusu babu yake Bwana Msellem, aliyeingia mji ule akiwa hamali wa kubeba boriti begani. Maneno hayo siyarudii hapa, ingawa yalikuwa ya kweli. Bwana Msellem akacheka. Akasema kama fedha hakuna, basi bibi apumue kwa mkopo. Bibi huyo mgongoni ndiye Bi Kazija, mama yake Mize. Alikuwa akitafuta pumzi, na anayetafuta pumzi hana ya kugombania.

Mnaniuliza kila mara kwa nini maji ya bahari hayaji saa ileile. Jana yalijaa watu wakila chakula cha mchana, leo wamekwisha kula, wamekwisha kuosha na vyombo, ndiyo kwanza yanapanda. Mnaniuliza kama kwamba maji ndiyo yenye makosa. Basi jibu lake linaanzia hapo, kwa mwanamke aliyetaka mahali pa kumlaza mama yake nje.

Zamani hizo bahari ilikuwa haiendi wala haiji. Ilisimama palepale, imegusa kuta za nyumba za mji wa Fumbani asubuhi na jioni, kama maji yaliyotiwa kwenye sinia. Hakukuwa na kupwa, hakukuwa na kujaa. Mvuvi alitoka mlangoni kwake akatia mguu chomboni. Mchanga wa pwani hapakuwa na mtu aliyeuona. Watu walijua tu kwamba chini ya maji kuna chini.

Na mji wenyewe ulikuwa mji wa kelele. Mafundi shaba waligonga tangu alfajiri. Punda walipita na chokaa, wachukuzi wakapita na magunia wakilia simile, simile, mpaka neno hilo likawa halimsogezi mtu tena. Kelele si dhambi, mji bila kelele ni mahame. Lakini hapo mwanzo mtu akichoka nazo alikuwa na pa kwenda. Palikuwa na kiwanja kando ya kisima. Palikuwa na bustani ya mikomamanga. Palikuwa na njia pana iliyoshuka mpaka majini, ambako watu walikaa jioni bila kazi, bila hata mazungumzo, wakatazama mbele. Vyote vitatu viliondoka, na havikuchukuliwa na adui. Vilichukuliwa na mabaraza.

Mwajua desturi ya pwani. Nyumba ina baraza, na mtu hukaa nje ya mlango wake apate hewa na apate salamu. Hapo hapana ubaya. Ubaya uliingia siku mtu mmoja alipoona baraza la jirani limemtangulia na upepo unamfika jirani kwanza. Akabomoa la kwake akalijenga upya, dhiraa moja mbele. Jirani akaamka akaona mgongo wa mtu pale alipozoea kuona bahari. Naye akasogeza dhiraa moja. Wa upande wa pili akafuata. Hakuna aliyeiba. Kila mmoja aliongeza dhiraa moja tu, na ukimuuliza alikuonyesha mwenzake aliyeanza. Hivyo hivyo, dhiraa kwa dhiraa, kiwanja cha kisima kikabaki kisima, bustani ikabaki mkomamanga mmoja wenye mwenyewe, na njia ya majini ikawa uchochoro wa kupita ubavu ubavu. Aliyefika mbele kuliko wote, ukingoni kabisa mwa maji, ni Bwana Msellem. Baada yake upepo haukuwa na njia nyingine.

Ndipo watu wa Fumbani walipopata maradhi yasiyo na jina. Mtu alikuwa amekaa kitako na moyo wake unakwenda mbio. Aliitwa na mkewe kuja kula akashtuka kama mwizi aliyeshikwa bega. Ndugu wa tumbo moja walinuniana kwa sababu ya kijiko. Kila mtu alihisi kuna jambo baya linakuja, na kwa kuwa hakulijua, alimshuku aliye karibu naye, na wote walikuwa karibu mno.

Kwa Bi Kazija maradhi hayo yaliingia kifuani. Kila pumzi aliyoivuta ilipiga filimbi. Mize alikaa kando ya kitanda chake akisuka ukili, na sikio lake lote lilikuwa kwenye filimbi ile. Ikikawia, mkono wake ulisimama juu ya ukili. Ikisikika tena, mkono uliendelea. Mikeka aliyoisuka wakati huo ilikuwa na mafundo mahali pasipostahili fundo, na wanunuzi walilalamika.

Tabibu aliyeitwa akasema dawa ni moja. Mgonjwa atolewe nje, alazwe penye hewa na nafasi, kila siku. Mize akauliza nje wapi. Tabibu akafungua kinywa, akatazama dirisha, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Akafunga kinywa, akachukua mkoba wake.

Basi Mize akambeba mama yake mgongoni, akawa anatafuta nje. Kisimani wateka maji waliwafukuza, wakisema hapo ni pa ndoo. Chini ya mkomamanga mwenye mti alitoka na ufagio. Sokoni walikanyagwa. Siku moja akampeleka makaburini, kwa kuwa palikuwa kimya na kwa kuwa hata watu wa Fumbani hawakuthubutu kujenga baraza pale. Bi Kazija akatazama huku na huku.

"Sijafa bado, mwanangu," akasema. "Usinizoeze."

Wakarudi. Ndipo Mize alipokwenda kwa Bwana Msellem, na yaliyosemwa huko mmekwisha kuyasikia.

Alipokataliwa hakurudi nyumbani. Kando ya baraza lile palikuwa na ngazi za mawe zilizoshuka majini. Akazishuka, akamkalisha mama yake juu ya ngazi ya mwisho iliyo kavu, yeye mwenyewe akasimama na maji yakimfika vifundoni. Alikuwa na hasira, na hasira ile haikuwa na pa kwenda, kama yeye. Ikaenda baharini. Akaigombeza. Akaiambia kwamba imejaa mpaka macho yanakoishia, nafasi yote ile ni yake, na bado imekuja kubanana na watu ukutani. Akaiuliza inatafuta nini pale. Akaiambia hata punda ukimsukuma husogea.

Bahari ilikuwa imezoea kusifiwa na mabaharia na kuogopwa na wake zao. Kugombezwa ilikuwa haijagombezwa. Ikauliza, "Unataka nini?"

"Mahali pa mkeka mmoja."

Bahari ikasema haiwezi kujitoboa tundu la ukubwa wa mkeka. Ikisogea, inasogea yote. Kisha ikatoa masharti yake, nami nayasema kama yalivyosemwa, kwa sababu mapatano si kitu cha kuongezea chumvi.

"Nakuazima, sikupi. Nitaondoka asubuhi, nitarudi jua likikaribia kuzama. Nikirudi nitakuuliza kama uwanja wangu uko kama nilivyouacha. Kinachokunjwa na kubebwa, kiwekwe. Kinachochimbiwa, hapana. Siku utakaponijibu kwamba hauko kama nilivyouacha, nitasimama ukutani kama zamani."

Mize akauliza kwa nini aulizwe yeye peke yake, na mji una watu wengi. Bahari ikasema, kwa sababu wewe ndiye uliyeomba.

Asubuhi iliyofuata maji yaliondoka. Yalikwenda polepole, kama mgeni anayeaga mlango kwa mlango, na nyuma yake ardhi ikatokea, ardhi ambayo babu za babu hawakuiona: mchanga mweupe uliokunjamana, madimbwi yenye samaki wadogo waliosahauliwa, mwani, na kaa waliokuwa wakikimbia ovyo kwa kuwa hawakuwa wamewahi kuchomwa na jua. Mize akatandika mkeka. Bi Kazija akalala chali. Upepo ulimjia bila kupitia kwa mtu. Filimbi ikapungua. Ikapungua tena, kisha haikusikika, na Mize akaruka kutoka alipokuwa, akaweka sikio kifuani mwa mama yake, moyo ukimdunda mpaka hasikii kingine.

Bi Kazija alikuwa amelala usingizi.

Habari ilienea mjini kabla chai haijapoa. Wakaja mafundi shaba wakakaa mikono mapajani, wakastaajabu kuona mikono yao haigongi kitu. Wakaja wachukuzi. Wakaja wale ndugu wa kijiko, wakakaa mbalimbali, kisha wakakaribiana. Kila mtu alikuja na mkeka au jamvi au kanga kuukuu, akatandika, akakaa, na jioni akakunja. Hakuna aliyesema mengi. Mji mzima ulipumzika.

Mji mzima, isipokuwa Mize. Yeye hakuweza kukaa. Alizunguka uwanja ule kutoka ncha hadi ncha akiokota maganda, akifukia mashimo ya watoto, akiwaomba watu wasiache hata kijiti kimesimama. Akiona mtu amechomeka fimbo mchangani ili atundike kofia, alihisi imechomekwa mbavuni mwake. Watu wakaanza kumcheka, wakamwita Bi Ufagio. Jua likishuka alisimama kwenye ngazi, maji yakapanda, bahari ikauliza, "Uko kama nilivyouacha?" Naye akajibu, "Uko." Kila siku alipojibu sauti ilimtetemeka, ijapokuwa alisema kweli.

"Kaa, mwanangu," Bi Kazija alikuwa akimwambia. "Bahari haina mbio leo." Mize alikaa, akainuka tena kabla mkeka haujapata joto.

Sasa Bwana Msellem. Baraza lake lilikuwa tupu. Aliyekuwa akiuza mahali hakuwa na mnunuzi tena, na salamu zilimpita mbali, mchangani kule. Siku nyingi alikaa akitazama, na mtu wa namna ile akitazama kitu sana, mjue anakipima. Akaona jambo moja ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelifikiria. Bahari ilikuwa na saa yake. Haikuwahi kuja mapema, haikuwahi kuchelewa.

Asubuhi moja watu walishuka wakakuta vigingi vinne vimechimbiwa mahali pazuri kuliko pote, kamba imezungushwa, na turubai juu. Chini ya turubai amekaa Bwana Msellem, na anayetaka kivuli anaombwa kitu kidogo. Mize akaja mbio. Akamwambia maneno ya mapatano, kinachochimbiwa hapana. Bwana Msellem akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Bahari ikirudi itakuta nini?" akauliza.

Na kweli, jua lilipoanza kushuka akawaamuru watu wake, wakang'oa vigingi, wakafukia matundu, wakapitisha ufagio wa makuti juu yake mpaka mchanga ukawa laini kuliko wa mahali pengine. Maji yakapanda. "Uko kama nilivyouacha?"

Mize alisimama kwenye ngazi. Nyuma yake mama yake alikuwa akipumua vizuri, polepole, kama watu wengine. Akatazama mchanga ule laini. Hapakuwa na kitu.

"Uko," akasema.

Siku ya pili jirani wa Bwana Msellem alichimbia vigingi vyake dhiraa moja mbele ya vile vya kwanza. Ndiyo, dhiraa moja. Msidhani watu hujifunza. Siku iliyofuata wa tatu alimtangulia wa pili, na haukupita muda mrefu kukawa na kamba kutoka ncha hadi ncha, na wasio na kitu kidogo walikaa kwenye tope, mwisho kabisa, pale maji yanapoishia. Mkeka wa Bi Kazija ulisukumwa huko pia. Unyevu wa chini ukampanda kifuani, na filimbi ikarudi, nyembamba, kama kitu kinachoulizia kama bado kuna nafasi. Jioni vigingi viling'olewa, mafagio yakapita, na Mize akasema "Uko." Alisema hivyo jioni nyingi. Usiku hakulala. Aliona matundu yale chini ya mchanga laini kama mtu anavyoona meno yaliyofichwa nyuma ya midomo.

Mwisho akamwambia mama yake yote. Alimwambia kwamba akisema kweli maji yatasimama ukutani, na nje haitakuwepo tena, na yeye Bi Kazija atarudi kwenye chumba chenye dirisha la ukuta. Akamwambia kwamba kila neno analosema pale kwenye ngazi, analisema kwa ajili ya pumzi yake.

Bi Kazija akavuta hewa, akasema, "Chumba kile nakijua. Nimekaa humo miaka, nitakaa tena. Lakini usimdanganye mtu ukasema mama ndiye aliyekutuma."

Hayo tu. Mize akalia, kisha akanawa uso.

Jioni ile watu walikuwa wengi ukingoni, wakipiga ufagio na kukunja turubai, wakicheka. Maji yakapanda. Bahari ikauliza kama ilivyouliza siku zote, na Mize akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka barazani.

"Hauko. Kulikuwa na vigingi. Vimeng'olewa kabla hujafika, kesho vitarudi. Na jana vilikuwepo, na juzi, nami nilikuambia uko."

Vicheko vilikatika. Bahari ilipanda mpaka ukutani, ikasimama.

Asubuhi haikuondoka. Asubuhi nyingine haikuondoka. Ilisimama pale imetulia, kama maji ya kwenye sinia, na utulivu huo uliwatia watu hofu kuliko dhoruba. Moyo wa mbio ukarudi kwa kila mtu. Wakamjia Mize mlangoni. Wenye kamba walisema ameuza pumzi ya mji kwa sababu ya wivu. Wasio na kamba, wale wa kwenye tope, nao wakasema angenyamaza, tope ni afadhali kuliko ukuta. Bwana Msellem hakusema kwa hasira. Alisema tu, mbele ya watu, kwamba yeye alikuwa ameifurahisha bahari na mji pamoja, na kwamba mtu asiyejua kunyamaza asipewe dhamana. Wengi waliitikia. Ndani, Bi Kazija alikuwa ameketishwa, maana kulala hakuwezi tena, na filimbi ilikuwa ikikatika. Mize alimshika mgongo. Alikuwa anaisikiliza filimbi.

Kisha siku moja, si asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali na hakuna aliyetazamia, mtu alipiga kelele kutoka ukingoni. Maji yalikuwa yakiondoka.

Mize akambeba mama yake, akakimbia. Alipofika kwenye ngazi bahari ilikuwa imekwisha teremka mbali, na sauti yake ikamfikia kwa upepo.

"Nilikuwa nikifikiri," ikasema. "Wewe ulinidanganya, kisha ukaniambia kweli ikiwa kweli inakuumiza. Ukweli wako umelipa deni la uongo wako. Uwanja nauazima tena. Lakini saa yangu sitaitaja tena kwa mtu yeyote, na wewe sitakuuliza tena. Nitakuja kutazama mwenyewe."

Mize akatandika mkeka palepale, karibu na ngazi. Hakusema aliyoyasikia, maana hapakuwa na aliyemuuliza. Bwana Msellem alikwisha shuka na watu wake na vigingi, tena virefu zaidi, ili afidie siku zilizopotea. Wengine nao wakakimbilia dhiraa zao. Walichimba, wakafunga kamba, wakatandaza turubai, na Bwana Msellem akatazama jua, akaona jioni iko mbali sana, akavua viatu, akajilaza.

Maji yalirudi jua likiwa bado juu ya vichwa. Hayakupiga kelele. Mize ndiye aliyeyaona, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyekuwa akitazama. Akaita. Watu wa mikeka wakakunja mikeka, wakapanda ngazi. Ni kazi ya mara moja. Wenye vigingi wakaanza kung'oa, na kigingi kilichochimbiwa vizuri hakitoki kwa kuombwa. Maji yakawafika magotini, yakawafika viunoni. Wakaacha. Bahari ikachukua vigingi na kamba na turubai, na viatu vya Bwana Msellem. Ikafika ukutani. Haikusimama hapo. Ikapanda barazani kwa Bwana Msellem, ikaingia chini ya mawe, na ilipovuta mguu wake nyuma, baraza zima lilifuata.

Bwana Msellem alibaki amesimama mlangoni kwake, peku, na mbele ya kizingiti chake hapana kitu. Akamwita Mize. Akamwambia aseme na bahari, kwa kuwa wanajuana. Aiambie irudishe mawe yale, mawe ya matumbawe yaliyochongwa kwa mkono.

"Ngazi ziko pale, Bwana Msellem," Mize akamwambia. "Kaigombeze mwenyewe."

Bi Kazija alicheka mpaka akakohoa. Aliishi miaka mingi baada ya siku ile, akilala juu ya mkeka wake kila maji yalipoondoka, na filimbi yake ilikuja na kwenda, lakini haikumtawala tena. Mize alikaa kando yake akisuka. Alikaa, ndiyo, alijifunza kukaa. Lakini kila baada ya mistari michache ya ukili aliinua kichwa akatazama maji yako wapi.

Na tangu siku hiyo bahari haiji saa ileile. Leo itakuja hivi, kesho itasogeza, keshokutwa itasogeza tena, hata usiku inakuja, ili asiwepo wa kuizoea. Siku za maji mafu hufika nusu tu, ikachungulia, ikarudi. Siku za bamvua huja mpaka ukutani na kupiga, kupima kama kuna aliyeongeza dhiraa. Kaa nao iliwapa kazi. Ndiyo maana maji yakiondoka tu, wao hutoka wakichimba huku na huku. Wanatafuta matundu ya vigingi. Na ndiyo maana mtu wa mji wa pwani, hata awe amechoka vipi, hata awe amekuja kupumzika na amejinyoosha na amefumba macho, hakai muda mrefu bila kuinua kichwa na kutazama majini. Ukimuuliza anatazama nini atakuambia hatazami kitu. Anasema kweli, hajui. Anatazama kama Mize.

Mimi sina elimu ya kuwaeleza zaidi ya hapo, na sitaki kuzungushana. Nimepita pwani wiki hii. Nimeona ukuta wa zege, na geti, na mlinzi kwenye kiti, na mbele ya ukuta huo ukuta wa jirani, dhiraa moja. Baadhi yenu mnaonisikiliza mnawajua wenyewe. Baadhi yenu ni wenyewe, na mnatazama chini. Sikuja kuwaombea kwa bahari wala kuwaombea kwa watu. Ule uwanja tuliazimwa, na wenye haki ya kukaa hapo ni wote waliozaliwa katika mji huu na wote waliouhamia, kila mtu na mkeka wake. Mnadaiwa mchanga mtupu, kuanzia ukutani mpaka majini. Urudisheni.